Msumari Nje ya Chumba cha Mwanga

Jumatatu, Machi 3

Mvua ya kwanza imeanguka leo asubuhi na imeharibu kazi ya watu watatu kabla ya chai.

Mhariri amenipa msimu mzima wa mvua nikae maabara kwa shemeji yangu, nirudi na makala moja ndefu. "Wewe una mlango pale," aliniambia. "Wengine wakienda watapewa soda na vipeperushi." Ni kweli nina mlango. Shemeji ndiye mkuu wa maabara. Mumewe alikuwa kaka yangu wa tumbo moja, fundi wa mitambo, na nusu ya vyuma vilivyomo mle alivichonga kwa mkono wake. Alifariki Desemba akiwa palepale, ameinama juu ya meza ya vioo. Moyo ulisimama. Makala itahusu mwanga. Yaliyobaki nayaweka hapa.

Utaratibu wa kuingia. Nje ya mlango kuna ubao wenye misumari, na kila mtu ana msumari wake. Hapo unatundika saa, pete, bangili, mkufu, hata mkanda wenye chuma. Sababu ni kwamba leza ya mle ndani ikigonga kitu king'aacho inaruka, na haitoi taarifa inarukia wapi. Kisha unavaa miwani ya kinga. Mwanga wenyewe hauogopeshi kwa sababu karibu hauonekani. Jicho linapata wekundu hafifu tu, kama kaa linalozimika, ilhali nguvu yake inatoboa chuma chembamba.

Kwenye msumari mmoja inaning'inia saa ya kaka. Walipombeba kumtoa hakuna aliyekumbuka kuichukua, na baadaye hakuna aliyethubutu. Bado inatembea.

Shemeji alivua saa, hereni na mkufu. Pete ya ndoa hakuivua. Fundi wa pampu alitazama kamba za viatu vyake. Mtafiti wanayemwita Mrefu alitazama dari, ambayo kwake haiko mbali. Mimi nimeandika.

Jumanne, Machi 4

Nimepewa somo na shemeji, ambaye naye ananiita shemeji.

"Shemeji, sekunde unaijua?"

"Naijua."

"Igawe mara bilioni moja. Chukua kipande kimoja tu, vingine tupa. Hicho ulichobaki nacho kigawe tena mara bilioni moja. Umebaki na nini?"

"Mikono mitupu."

"Umebaki na atosekunde moja. Elektroni inafanya shughuli zake humo."

Anafundisha vizuri, hapambi. Wanapiga gesi kwa leza kali. Wimbi la mwanga linavuta kisha linasukuma, kama bembea. Likivuta linaing'oa elektroni kwenye atomu yake. Likigeuka linairudisha kwa kishindo. Inapogonga pale ilipotoka inatoa mmweko, na mmweko huo ndio mfupi kiasi hicho. Wakibadilisha kidogo umbo la wimbi, elektroni inafuata njia nyingine. Kwa hiyo hawaichungulii tu, wanaiongoza.

Swali lao ni moja. Chukua atomu yenye elektroni kwenye tabaka la nje na nyingine kwenye tabaka la ndani. Imulike mara moja, kwa mmweko mmoja. Je, zote mbili zinatoka pamoja?

"Kaka yako alisema ya ndani inachelewa," alisema shemeji. "Mimi nilisema leta ushahidi. Tulibishana mezani, kitandani, mpaka kwenye harusi za watu. Mwisho akasema sawa, akaanza kujenga meza ile. Aliijenga ili anishinde."

"Na sasa?"

"Sasa leza ni ya kuazima. Mvua zikiisha inarudi kwa wenyewe."

Alhamisi, Machi 6

Mvua. Hakuna kazi.

Ijumaa, Machi 7

Mvua. Fundi ameweka ndoo tatu kwenye korido. Anazipa vyeo: ya kwanza mkurugenzi, inapokea kila kitu na haifanyi chochote.

Jumatano, Machi 12

Sasa naelewa kwa nini mvua ni adui. Matone yakipiga bati, meza inatetemeka kipimo ambacho mkono hauwezi kukihisi, na hicho kinatosha kuwapotezea sifuri. Sifuri ni ile nukta ambapo mimweko miwili, ule unaoing'oa elektroni na ule unaoipiga chapa ya saa, inafika pamoja. Bila sifuri wana vipimo vingi visivyo na mwanzo. Wanaitafuta kila asubuhi kwa kusogeza kioo kimoja, mbele kidogo, nyuma kidogo.

Anayeipata ni Mrefu. Wanapunguza mwanga, anashika kadi nyeupe, na mimweko ikikutana panatokea mistari myembamba. Yeye huiona kabla ya kamera kuikubali. Nilimuuliza anafanyaje.

"Jicho la kushoto lilikataa shule tangu utotoni," alisema. "Hili la kulia linafanya kazi za wawili, limekomaa."

Fundi akadakia: "Ndiyo maana hana adabu. Anatazama upande mmoja tu."

Jumatatu, Machi 17

Jua kwa saa tatu tu. Wamepata sifuri na kuipoteza.

Ijumaa, Machi 21

Jua. Wamepata sifuri wakaishika mpaka saa nane mchana. Kwenye skrini palitokea mawimbi mawili, la elektroni ya nje juu, la ya ndani chini, yanapanda na kushuka. Ukitazama kwa haraka yanakwenda pamoja. Shemeji aliweka kidole kwenye kilele cha la juu, kisha cha la chini. Kidole kilisogea kidogo kuelekea kulia. Mrefu alisema, "Profesa, siku moja haitoshi." Alijibu, "Najua. Wala sijasema."

Kisha ikanyesha.

Wanaporudi ofisini yeye hukaa kiti cha kaka, kile chenye mguu mfupi, na hukibembeza kama kaka alivyokuwa akikibembeza. Nilidhani nitamkuta mjane anayejificha kazini. Nimemkuta mtu anayeendeleza ubishi ambao mwenzake ameondoka kabla ya kuumaliza. Namstahi kwa hilo.

Jumanne, Machi 25

Unyevu. Miwani ya kinga inashika mvuke kila baada ya muda mfupi. Wote wanalalamika. Bibi Usalama, ofisa anayesimamia kanuni za jengo zima, amepita na kuwaambia wasiipandishe hata kwa kufuta. Watoke nje ya mlango, wafute, warudi. Wamesema ndiyo. Pete hakuiona. Shemeji alikuwa amevaa glavu za kushikia vioo.

Alhamisi, Machi 27

Naandika kwa mpangilio wa matukio, kwa sababu nimegundua kuwa watu wanne tuliokuwepo tayari tunasimulia tofauti.

Asubuhi ilikuwa kavu. Sifuri ilipatikana mapema. Wakaongeza mwanga hadi nguvu kamili. Mrefu alikuwa upande wa pili wa meza, karibu na kile chumba cha chuma kilichonyonywa hewa. Shemeji alikuwa upande wangu. Fundi alikuwa kwenye pampu, ametupa mgongo. Mimi nilisimama kwenye alama ya njano waliyonichorea, na miwani usoni.

Wingu likaja. Matone ya kwanza yakapiga bati. Skrini ikaanza kuyumba.

"Kioo cha nne!" alisema shemeji. "Kinalegea, nakishika."

Alivua glavu ili ahisi skrubu. Akapenyeza mkono wa kushoto juu ya meza, katikati ya vioo.

Wakati huohuo Mrefu alipandisha miwani hadi kwenye paji la uso na kufuta mvuke kwa mkono wa shati. Hakutoka nje ya mlango. Kulikuwa na sababu: sifuri ilikuwa inakimbia.

Hata kupitia miwani niliona nukta nyekundu hafifu ikipita ukutani. Ilipita mara moja, kutoka kwenye mkono wa shemeji kwenda juu, kama mtoto anapochezea kioo juani. Mrefu akasema "Ah," kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyesahau kitu sokoni. Kisha akasema, "Kuna kishindo ndani ya jicho. Nimesikia kishindo."

Fundi alizima kila kitu.

Mrefu alikaa sakafuni, miguu yake mirefu imekunjwa vibaya. Alifunika jicho la kushoto akamtazama Fundi. Akafunua. Akafunika tena.

"Fundi, sema kitu."

"Niseme nini?"

"Basi ni wewe. Sura yako sioni. Naona masikio."

Shemeji alikuwa amesimama, mkono wa kushoto ameufumbata ndani ya wa kulia.

Ijumaa, Machi 28

Hospitali. Daktari wa macho, mwanamke wa maneno machache, ametuchorea jicho kwenye karatasi na kuweka doa katikati ya utando wa nyuma. Mwanga umeunguza hapo. Pembeni anaona. Katikati, pale mtu anapopatumia kusoma, kutunga uzi kwenye sindano au kutambua uso, hapana kitu. Halirudi.

"Jicho jingine?" aliuliza.

"Hilo ni la kusindikiza tu," alisema Mrefu, akacheka. Alicheka peke yake.

Jumatatu, Machi 31

Mvua kutwa. Maabara imefungwa kusubiri kikao.

Jumatano, Aprili 2

Kikao. Bibi Usalama alikaa kichwani mwa meza, na pembeni wakuu wawili wa idara ambao walitaka kurudi ofisini. Anauliza vizuri, maswali mafupi. Aliuliza kila mtu peke yake. Kwangu aliuliza hivi:

"Alikuwa amevaa miwani machoni?"

"Hapana. Alikuwa ameipandisha, anafuta mvuke."

"Alitoka nje ya mlango kufuta?"

"Hapana."

"Asante, ndugu mwandishi. Umeeleweka."

Hakuuliza mwanga ulitoka wapi, maana tayari alikuwa na jibu: mwanga wa leza hutoka kwenye vioo, na kioo cha nne kilikuwa kimelegea. Nilijibu nilichoulizwa. Kwa miaka mingi nimewasikia watu wakisema sentensi hiyo mbele ya kinasa sauti changu, nikawa naiwekea alama ya kuuliza pembeni.

Uamuzi: mtafiti alikiuka kanuni. Haruhusiwi tena kuingia kwenye chumba cha leza. Mkataba wake utatazamwa upya, na wote tunajua maana ya kutazamwa upya. Kazi iendelee Jumatatu.

Shemeji alitoka wa mwisho. Alikuwa na glavu mfukoni, kidole kimoja kinachungulia nje.

Jumatatu, Aprili 7

Wamerudi ndani bila Mrefu. Hakuna sifuri.

Jumanne, Aprili 8

Hakuna sifuri. Shemeji sasa anavaa glavu tangu nje ya jengo.

Alhamisi, Aprili 10

Mvua, kisha jua, kisha mvua. Hakuna sifuri. Amempigia kelele Fundi kuhusu pampu ambayo haikuwa na kosa. Fundi alisema, "Sawa, Profesa." Nje kwenye korido aliteremsha sauti akaniambia: "Ile pete tuliiona wote, kaka. Miezi yote. Tulimwonea huruma. Ungemwambiaje mtu aliyefiwa, vua?"

"Ubao umeandikwa vua."

"Ubao haujafiwa."

Jumamosi, Aprili 12

Nimekwenda nyumbani kwa Mrefu. Vyumba viwili, mlango mfupi. Paji la uso wake lina kovu la kila siku. Mkewe ni mshonaji, mashine iko dirishani. Alinikaribisha, akaendelea kushona. Alikuwa akimtungia mumewe vishikio vya maneno kadiri alivyohitaji: kikombe kiko kulia, mgeni yuko mbele, hapo ni kona.

Mrefu alinifundisha anavyoona. Aliziba jicho bovu la kushoto, akanielekezea uso.

"Nikikutazama machoni, huna kichwa. Shati linaanzia hewani. Sasa ngoja." Akageuza uso, akatazama ukuta. "Nikitazama kalenda, wewe unatokea pembeni. Umezeeka, mzee wangu."

"Hilo si jipya."

"Watu wanadhani nimewanunia. Jana mama mkwe kaondoka amekasirika, eti nimemgeuzia shavu. Nikamwambia mama, nimekugeuzia shavu ili nikuone!"

Mkewe alisimamisha mashine. "Mwulize," alimwambia mumewe.

"Achana naye."

"Basi nitauliza mimi. Shemeji yako ile siku alikuwa na nini mkononi?"

Mrefu alijibu kabla yangu. "Hakuwa na kitu. Mimi nilipandisha miwani. Ningekuwa nimeivaa, hata angekuwa na sufuria mkononi nisingeumia."

"Sikukuuliza wewe," alisema mkewe. Nyuzi zilikuwa zimekwama kwenye mashine, akaanza kuzitoa moja moja.

Nikamwambia: alikuwa na pete. Mrefu akatazama kalenda, yaani alikuwa ananitazama mimi.

"Wewe nawe," alisema. "Mama yule amebakiwa na nini?"

Jumapili, Aprili 13

Nilimkuta shemeji jikoni kwake, anakausha sahani ileile kwa muda mrefu.

"Shemeji, ile pete."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu palepale. Niliona nukta ukutani kabla hajasema 'ah'."

"Na kwenye kikao?"

"Waliniuliza kama kioo cha nne kililegea. Nikasema ndiyo."

"Hata mimi nilijibu vizuri."

Aliweka sahani chini. "Nilijiambia tupate sifuri kwanza, kisha niseme. Nikajiambia tumalize kipimo, kisha niseme. Leza inaondoka, shemeji. Bibi Usalama akinitoa mle ndani, nani atabaki anayeijua meza ya kaka yako?"

"Mrefu anaijua."

"Mrefu haoni."

Nilisubiri. Kusubiri ni sehemu kubwa ya kazi yangu. Mvua ilikuwa inapiga karai la nje.

"Nimeisikia kauli yangu," alisema baadaye. "Usiirudie."

Nilimwambia kwamba kesho kutwa nitakwenda kwa Bibi Usalama kusema nilichokiona na ambacho sikuulizwa. Akitangulia yeye, mimi nitakuwa shahidi tu. Aliniwekea chai, akasahau majani. Tukanywa maji ya moto na sukari, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba alikuwa anafanana na mjane.

Mwezi uliopita niliandika kwamba namstahi. Sijaifuta. Ila leo nimemwogopa kidogo, kama unavyomwogopa mtu anayeweza kubeba jambo zito huku anakusalimia vizuri.

Jumanne, Aprili 15

Ametangulia. Nilipofika kwa Bibi Usalama nilimkuta anatoka, glavu mkononi, vidole wazi.

"Nimesema yote," alisema. "Ingia, mwambie na lako."

Bibi Usalama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza: "Na wewe uliiona pete tangu siku ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Na Fundi?"

"Muulize Fundi."

Alivua miwani yake ya kusomea. "Mimi kila siku napigana na watu wazembe," alisema. "Wazembe nawaweza. Hili lenu sijui niliite nini."

Uamuzi mpya: kufungiwa kwa Mrefu kumeondolewa, mkataba wake hautaguswa. Shemeji haruhusiwi kuvuka mlango wa chumba cha leza wakati leza inawaka, msimu huu wala mwingine wowote katika jengo hili.

Jumatano, Aprili 16

Pete haitoki. Amejaribu sabuni, mafuta, uzi. Anasema kidole kilivimba wakati wa msiba na hakijarudi. Nilimuuliza kama alijaribu kuivua kabla ya leo. Alisema, "Hapana," bila kuzunguka.

Fundi aliikata kwenye karakana yake. Alipenyeza kipande cha bati chini ya pete ili msumeno usifike kwenye ngozi, akamwambia atazame kwingine. Alitazama hapohapo. Msumeno ulikuwa mdogo na ulichukua muda. Ilipoachia, Fundi aliipanua kwa koleo, ikatoka. Shemeji hakulia. Aliyelia ni Fundi, akasingizia vumbi la chuma.

Ijumaa, Aprili 18

Mvua.

Jumanne, Aprili 22

Mvua. Saa ya kaka kwenye ubao imesimama. Unyevu, anasema Fundi. Hakuna aliyeigusa.

Jumatatu, Aprili 28

Mrefu amerudi. Kwenye ubao alivua saa kwa kupapasa msumari. Kadi nyeupe hawezi kuisoma tena: akiielekezea jicho inatoweka, akitazama pembeni anaiona lakini mistari haipo, ni myembamba mno kwa ukingo wa jicho.

Amekuja na wazo. Mwanga ukianguka kwenye kipokezi unatoa umeme. Umeme ukiupeleka kwenye spika unatoa sauti. Mimweko miwili ikikutana huku kioo kinasogea, umeme unapanda na kushuka haraka, kwa hiyo sauti itaunguruma. Fundi ametoa spika kwenye redio yake mwenyewe.

"Ukiiharibu utaimba wewe taarifa ya habari," alimwambia.

Siku nzima imekuwa vumo tupu.

Jumatano, Aprili 30

Vumo.

Jumatatu, Mei 5

Vumo. Mvua zimepungua nguvu, zinakuja jioni tu.

Jumanne, Mei 13

Asubuhi kavu. Nilikuwa kwenye alama yangu ya njano. Mrefu alikaa kwenye kiti, macho kayafumba chini ya miwani, kidole kwenye kitufe cha kusogezea kioo. Vumo, vumo. Kisha ndani ya vumo kikatokea kitu kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Kikapotea. Mrefu akarudisha kioo. Nyuki akarudi.

"Huyo," alisema.

Fundi alitoka mbio hadi kwenye korido kumwambia shemeji, ambaye kila siku hukaa nje ya mlango na kiti chake chenye mguu mfupi. Mle ndani tulisikia kiti kikiacha kubembea.

Jumatano, Mei 14, hadi Ijumaa, Mei 23

Jua. Wanapima. Sina la kuongeza, na hiyo ni habari njema.

Jumatatu, Mei 26

Jibu limepatikana. Fundi alivuta waya, akaweka skrini kwenye korido, mbele ya kiti cha shemeji. Mawimbi mawili, safari hii laini, yaliyokusanywa kwa siku nyingi. Aliweka kidole kwenye kilele cha juu. Akakishusha. Kidole hakikuangukia kwenye kilele cha chini. Ilibidi akisogeze kulia. Akafanya hesabu kwenye kompyuta mara mbili, kisha akamwomba Mrefu, aliyekuwa ndani ya mlango, amsomee hatua zote kwa kichwa, naye akazikagua. Elektroni ya tabaka la ndani inachelewa. Tofauti yenyewe ni ya atosekunde chache, ila haifutiki.

Shemeji aliegemea kiti.

"Kanishinda," alisema.

Hakuna aliyemuuliza ni nani. Alikaa hivyo mpaka skrini ikajizima yenyewe kwa kukosa kuguswa, akaigusa ikawaka, akaendelea kukaa.

Jumatano, Mei 28

Mhariri amesoma rasimu. Anataka elektroni mbili nizilinganishe na mke na mume, mmoja kaondoka, mwingine kachelewa. Anasema wasomaji watalia. Nimekataa. Elektroni hazina ndoa, na anayelala na doa katikati ya jicho hayumo kwenye mfano huo.

"Na habari ya pete?" aliuliza.

"Imo."

"Ni shemeji yako."

"Ndiyo maana imo."

Shemeji nilimsomea sehemu hiyo kwa simu kabla ya kuituma. Alisikiliza. Akasahihisha neno moja: nilikuwa nimeandika mkono wa kulia.

Ijumaa, Mei 30

Wameifungasha leza. Watu wa usafiri wanakuja kesho. Chumba hakina mwanga wowote wa hatari, kwa hiyo Bibi Usalama ameruhusu shemeji aingie kuaga meza. Yeye mwenyewe alikuja, akasimama mbali kidogo, mikono nyuma.

Mrefu alikuwa mlangoni. Ndiye mkuu wa chumba sasa, kwa kuwa ndiye aliyebaki. Kando yake ulikuwa ubao. Saa ya kaka ilikuwa palepale, imesimama.

Shemeji aliitembea korido yote. Alipofika kwenye ubao mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye wa kushoto, kwa mazoea, ukashika kidole. Pale pete ilipokuwa ngozi imebaki nyepesi, laini, na mkunjo wa pete haujanyooka bado. Mkono ulikaa hapo, hauna kazi.

Mrefu alimgeuzia shavu, akatazama ukutani.

Nilimwona shemeji akirudi nyuma hatua. Sikuwahi kumweleza jinsi Mrefu anavyotazama sasa, na tangu Machi hawakuwa wamesimama karibu hivi kwenye mwanga wa mchana. Siku zote mlango ulikuwa kati yao. Alidhani amenuniwa. Aliinamisha kichwa kama mtu anayekubali.

"Sina cha kuvua," alisema, akainua mkono wa kushoto, vidole vimetanuka, kuonyesha.

Mrefu aliendelea kutazama ukuta, pale kwenye msumari wa saa, mpaka mkono ule ukamtokea pembeni ya jicho.

"Naona, Mama," alisema. "Pita."